Stima ya jikoni usiyoiamini: mwongozo kuanzia harufu ya kwanza hadi fundi kuondoka

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ya Majengo, zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Bi mkubwa mwenye nyumba alinipa maji ya kunywa, kisha akanipeleka jikoni. Mbele ya friji palikuwa na champali mbili za mpira, zimepangwa sambamba kama zilizovuliwa mlangoni mwa msikiti. "Ukitaka kufungua friji vaa hizo kwanza, mwanangu," akaniambia. "Inachoma kidogo." Watoto wote wa nyumba walijua. Wageni waliambiwa. Mambo yalikuwa hivyo tangu kabla ya Ramadhani.

Nilipima baina ya mlango wa friji na bomba la chuma la maji. Kipimo kikapita volti mia moja. Nikazima meinswichi, nikafungua soketi, na nyuma yake nikaukuta waya wa kijani na manjano, ule unaopeleka stima iliyopotea njia ardhini, ambao mafundi tunauita athi. Ulikuwa umekatwa mfupi na kukunjwa ndani ya boksi. Aliyeukata aliona hauna kazi, kwa sababu bila huo taa ziliwaka na friji iligandisha.

Jikoni nyingi za Mombasa zina champali za aina hiyo, ingawa hazifanani. Pengine ni kitambaa cha kushikia swichi, kijiti cha kukazia plagi isianguke, au amri ya nyumbani kwamba birika lisiwashwe pamoja na maikrowevu. Familia huiona kama tabia ya nyumba, lakini kila moja ni hitilafu ambayo watu wameizoea. Kazi yako ya kwanza ni kuketi na watu wa nyumbani na kuyataja mazoea hayo yote, moja moja, na kuyaandika. Waulize hasa wanaopika. Wao wanajua mambo ambayo fundi hatayaona kwa ziara ya nusu saa.

Hatua ya kwanza: kagua kwa macho, pua na masikio

Hapa hufungui kitu chochote. Ngoja mchana, kausha mikono, vaa viatu, hakikisha sakafu haina maji.

Anza na pua. Plastiki ya soketi inayopikika kwa ndani haitoi harufu ya moshi mwanzoni. Hutoa harufu inayofanana na samaki aliyeanza kuharibika. Katika mji wetu harufu hiyo haimshtui mtu, na ndiyo maana naitaja mapema: ukisikia harufu ya samaki siku ambayo hamkupika samaki, sogea karibu na soketi na swichi uinuse ukuta.

Kisha angalia. Tafuta rangi ya kahawia kandokando ya matundu ya soketi, plastiki iliyovimba au kupasuka, swichi inayolegea, waya uliopitishwa chini ya mkeka au nyuma ya jiko la gesi, na viungo vilivyofungwa teepu nyeusi tu. Angalia pia umbali kati ya soketi na sinki. Ukiwa chini ya sentimita 30, matone ya kuoshea vyombo yatafika siku moja.

Kwa masikio, zima redio na feni, washa birika, usikilize. Soketi nzima haisemi kitu. Ikitatarika kama mafuta yanayoingia maji, kuna skrubu iliyolegea na stima inaruka pengo dogo ndani yake. Hitilafu hii ina hila, maana haikatishi breka. Stima inayopita ni ile ile ya kawaida, ila sehemu iliyolegea inapata joto kila siku hadi plastiki ishindwe.

Mwisho, baada ya birika kuchemsha, lizime kwenye swichi, kisha gusa plastiki ya plagi kwa mgongo wa kiganja. Uvuguvugu si neno. Ikiwa huwezi kuuacha mkono pale, plagi hiyo au soketi yake imekwisha.

Ukikuta lolote kati ya haya, usiendelee na ukaguzi, nenda moja kwa moja kuzima: chombo cha chuma kinachokuchoma ukikigusa, harufu ya kuungua, cheche, maji yaliyoingia kwenye soketi, au shaba iliyo wazi.

Hatua ya pili: jua pa kuzimia

Nimeingia nyumba ambazo watu wazima watano hawajui meinswichi iko wapi. Iko kwenye boksi la breka, mara nyingi karibu na mlango wa mbele au korido, na ndiyo swichi kubwa kuliko zote. Kila mtu wa nyumbani anayeweza kuifikia afundishwe kuizima. Usichanganye na kile kidude chenye vibonye cha kuingizia tokeni, hicho hakizimi stima ya nyumba. Mita na muhuri wake ni mali ya Kenya Power, usiziguse.

Ukishazima meinswichi, ondoa pia plagi ya chombo unachokishuku, ili stima isirudi kwake atakapoiwasha mtu mwingine bila kujua. Bandika karatasi kwenye boksi: "Usiwashe." Nyumba zetu zina watu wengi, na kijana akirudi kutoka mpirani akakuta giza, kitu cha kwanza atakachofanya ni kuinua breka.

Ikiwa boksi lenyewe limelowa, lina moto au linatatarika, usiliguse. Toa watu nje, upige simu Kenya Power, 97771.

Breka inalinda waya, RCD inakulinda wewe

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu watu wengi huniambia, "Lakini fundi, nyumba yetu ina breka." Breka ya soketi mara nyingi ni ya ampea 32. Inaruka mzigo ukizidi kiwango hicho, au waya zikigongana zikapiga shoti. Stima inayoweza kuvuruga mapigo ya moyo wa binadamu ni kama miliampea 30 tu, yaani ampea 0.03. Ukinaswa, breka ya ampea 32 haina habari nawe. Kwake wewe ni mzigo mdogo kuliko balbu.

Kinachokuona wewe ni RCD. Ni swichi pana kidogo ndani ya boksi la breka, ina kitufe kidogo kilichoandikwa T. Inalinganisha stima inayotoka na inayorudi. Ikipungua miliampea 30 njiani, inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Fungua kifuniko cha nje cha boksi lako uitazame. Kama huioni, hilo liwe la kwanza kwenye orodha utakayompa fundi, kabla ya soketi mpya na taa za urembo.

Lingine la kutazama hapo hapo ni namba za breka zikilinganishwa na waya. Kwa kawaida taa huvutwa kwa waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na jiko kubwa la stima 6 au zaidi. Breka iliyokuwa ikiruka mara kwa mara kisha ikabadilishwa kuwa kubwa zaidi "ili isisumbue" ni hatari ya wazi: sasa waya utaungua ukutani kabla breka haijashtuka. Ulizia nyumbani kama jambo hilo liliwahi kufanyika. Kwa nyumba zenye fyuzi za kizamani, ulizia kama kuna aliyefunga uzi wa shaba au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya mzigo

Stima yetu ni volti 240. Kila chombo kina kibandiko chini au nyuma, kikitaja wati. Gawanya wati kwa 240, utapata ampea. Plagi ya pembe tatu tunayotumia ina mwisho wa ampea 13, sawa na wati 3,120.

Sasa chukua jikoni ya Ramadhani, nusu saa kabla ya magharibi. Ekstensheni moja imetoka kwenye soketi moja. Birika la wati 2,000 linachemsha maji ya chai, maikrowevu inayovuta 1,200 inapasha viazi vya nazi, na jiko la koili la 1,500 lina karai ya kaimati. Jumla 4,700, karibu ampea 20, zote zinapita kwenye plagi moja ya 13. Wengi hudhani fyuzi itakatika papo hapo. Haikatiki. Fyuzi ya 13 inaweza kuvumilia ampea 20 kwa nusu saa na zaidi, na muda wote huo plagi inachemka. Adhana inapolia kila mtu yuko mezani, na jikoni hakuna wa kunusa.

Suluhisho la leo jioni, kabla ya fundi: kila kinachotoa joto kiwe na soketi yake ya ukutani, na viwili visitumike kwa ekstensheni moja. Ekstensheni iachiwe blenda, redio na chaja. Friji isichomekwe kwenye ekstensheni kabisa, inakaa hapo miaka na hakuna anayeigusa. Na ekstensheni ya waya wa kuzungushia ikitumika, ikunjue yote, maana waya uliobaki kwenye mviringo hujipasha wenyewe.

Kwa nini Mombasa ni tofauti

Fundi wa bara akija kufanya kazi huku hushangaa. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na shaba haivumilii vyote viwili. Fungua soketi ya miaka sita katika nyumba iliyo karibu na bahari, iwe Nyali au Likoni, utakuta skrubu zimeota unga wa kijani. Unga huo haupitishi stima vizuri, hivyo kiungo kinapata joto, skrubu inalegea, kinazidi kupata joto. Kwa hiyo huku viungo vinahitaji kukazwa na kukaguliwa mara nyingi zaidi, na masika ya Aprili hadi Juni ndiyo mtihani. Breka inayoruka siku za mvua tu inakuambia kuna maji yanayoingia mahali, mara nyingi juu ya dari au kwenye boksi la nje lisilo na mpira.

Mji wa Kale una lake. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka chini na kuyashika. Kampuni ya kwanza ya stima Mombasa ilianza 1908, na kuna kuta ambazo zimepitishiwa waya kizazi baada ya kizazi, wa zamani haukutolewa. Huko utakuta lugha mbili za rangi katika boksi moja. Zamani nyekundu ilikuwa laivu, waya unaoleta stima, na nyeusi nyutro, unaoirudisha. Sasa kahawia ni laivu, buluu ni nyutro. Nyeusi ndiyo mtego, kwa sababu katika mfumo mpya wa laini tatu, wenye nyaya tatu za laivu, inaweza kuwa laivu. Usimwamini yeyote anayekuambia waya hauna stima kwa kutazama rangi. Wala usiamini bisibisi ya testa peke yake: taa yake isipowaka, huenda ni testa iliyokufa.

Jambo jingine nalikuta sana katika nyumba za zamani: athi iliyofungwa kwenye bomba la maji. Wakati mabomba yote yalikuwa ya chuma hadi ardhini, ilifanya kazi kiasi. Sasa fundi bomba amekata kipande akaweka plastiki, na athi imebaki inaning'inia. Hitilafu ya friji inaweza kumkuta mtu anayetia udhu kwenye bomba.

Unachoweza kufanya mwenyewe

Ni vichache, na nitasema vyote. Kuhamisha vyombo, kutupa ekstensheni mbovu, kubadilisha fyuzi ya plagi na kubadilisha plagi yenyewe. Ndani ya ukuta na ndani ya boksi la breka, hapana.

Plagi ibadilishwe ikiwa nje ya soketi. Ukiifungua, pembe ndefu ikiwa juu, waya wa buluu unakwenda kushoto, kahawia kulia upande wenye fyuzi, kijani na manjano juu. Uache ule wa athi mrefu kuliko wenzake, ili kamba ikivutwa kwa nguvu, athi iwe ya mwisho kuchomoka. Sokota nyuzi za shaba zisibaki hata moja nje ya skrubu. Kisha kibanio cha chini kishike ganda la nje la waya, si zile rangi za ndani. Plagi nyingi ninazokuta zimeungua, kibanio hicho hakikufungwa. Fyuzi ya 3 inatosha kwa chombo kisichozidi wati 700, kama blenda au taa ya meza. Vinginevyo fuata kilichoandikwa na mtengenezaji.

Na kile kijiti cha kiberiti au kalamu inayosukumwa kwenye tundu la juu ili plagi ya pembe mbili iingie, naomba kikome leo. Tundu lile ndilo linalofungua mlango unaofunika laivu, na watoto wanaiga. Adapta nzuri ni bei ndogo.

Dukani, kipo kipimo cha soketi chenye taa tatu. Kinachomekwa tu, na taa zinakuonyesha kama athi haipo au laivu na nyutro vimebadilishana. Nunua, kizungushe nyumba nzima, andika majibu. Ila kikisema sawa, maana yake ni kwamba athi imeunganishwa. Hakikuambii kama ni nzuri.

Hatua ya nne: kumwita fundi na kumsimamia

Leseni za mafundi wa stima Kenya hutolewa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli iliyoundwa kwa Sheria ya Nishati ya 2019. Mwambie fundi akuonyeshe kadi. Ina jina, daraja na tarehe ya mwisho. Fundi wa haki hakasiriki kuombwa. Anayesema "mimi mtoto wa mtaa, wanijua" unaweza kumpenda kwa mengine yote, lakini kazi ya stima iende kwa mwenye kadi.

Mpe orodha yako ya mazoea na majibu ya kipimo. Kisha sikiliza anachopendekeza. Anayeanza kwa kupima ni bora kuliko anayeanza kwa kutaja bei. Mambo manne usikubali yarukwe: apime uzima wa ganda la waya kwa kipimo kiitwacho mega, cha volti 500, na jibu lisipungue megaomu 1, apime athi hadi kwenye chuma chake ardhini, na klempu yake isiwe imeliwa na kutu, aweke RCD ya miliampea 30, na akaze kila skrubu ya soketi za jikoni na boksi la breka. Kama kuna shawa ya kupasha maji papo hapo iliyovutwa kutoka soketi ya jikoni, iondolewe hapo. Shawa hizo huvuta wati 5,000 na zaidi, zinahitaji waya wao kutoka kwenye boksi.

Waya mnunue pamoja. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba. Chukua kipande, kwangua kwa kisu: ukiona weupe ndani, urudishe. Waya wa uzi mmoja wa 2.5 una kipenyo cha milimita 1.78; mwembamba zaidi umeibiwa. Tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, uhifadhi risiti.

Kwa friji ya yule bi mkubwa tulirudisha athi, tukaweka RCD, tukawasha. RCD ikaruka mara tu friji ilipochomekwa. Mjukuu wake akasema tumeharibu. Kumbe ndiyo ilikuwa inafanya kazi: hita ya kuyeyusha barafu ndani ya friji ilikuwa inavujisha stima, na miezi yote ile stima hiyo ilikuwa ikimsubiri mtu avue champali. Hita ilibadilishwa kwa mafundi wa friji, na RCD haikuruka tena. Nakusimulia hili kwa sababu RCD mpya ikianza kuruka, utashawishiwa kuitoa. Badala yake, chomoa vyombo vyote, iwashe, kisha chomeka kimoja kimoja hadi umpate mwenye kosa.

Kama wewe ni mpangaji, mwandikie mwenye nyumba ujumbe wenye picha za soketi zilizoungua na matokeo ya kipimo, ili pabaki kumbukumbu. Katika ploti zenye mita moja ya watu wengi, zungumzeni pamoja, kwa sababu waya wa chumba chako unaweza kuwa unabeba friji ya jirani. Wakati mnangoja, usiitumie soketi mbovu, hata kwa simu.

Likitokea kabla hujatengeneza

Mtu akinaswa, usimshike. Zima meinswichi. Kama huwezi kuifikia, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa mti mkavu, kwa mfano mpini wa fagio wa mbao. Asipopumua, piga 999 au 112, na uanze kukandamiza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusimama. Hata akiamka akasema yuko sawa, apelekwe hospitali siku hiyo, moyo unaweza kusumbua baadaye.

Moto wa soketi: zima meinswichi kwanza, kisha kizima moto cha unga mkavu au cha gesi ya kaboni. Maji, hapana. Mafuta ya karai yakishika moto, zima jiko, funika kwa kifuniko cha sufuria na usikifunue. Ukishindwa, funga mlango wa jikoni, toeni watu.

Baada ya fundi kuondoka

Usimlipe malizio kabla hajabonyeza kitufe cha T mbele yako na stima ikakatika, na kabla hujazungusha tena kile kipimo chako cha taa tatu kwenye kila soketi. Aandike jina kwenye kila breka: jikoni, taa, pampu ya maji. Akupe cheti cha kazi chenye namba ya leseni yake na vipimo alivyopata.

Kitufe cha T mimi hubonyeza kila mwezi unapoandama, kwa sababu ni tarehe ambayo nyumba nzima inaikumbuka. Stima ikikatika, iinue tena, kazi imekwisha. Isipokatika, RCD imekufa ingawa taa zinawaka kama kawaida: ita fundi siku hiyo hiyo, na hadi aje, mwenye mikono au miguu iliyolowa asiguse friji wala chombo chochote cha chuma chenye plagi.